Tabo au Hewa ya Kuvuta Yenyewe? Kinachotofautisha Hasa Injini za Magari ya Kasi

Mwaka 2015 Ferrari walifanya jambo ambalo mashabiki wao wengi hawakutaka kulisikia. Gari lao la 458 Italia, lenye injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 4.5 isiyo na tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa kwa nguvu, lilipisha 488 GTB, lenye V8 ya lita 3.9 na tabo mbili. Injini ilipungua kwa zaidi ya nusu lita, lakini nguvu ikapanda kutoka nguvufarasi 570 hadi 670. Toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha inayokubana mgongo kwenye kiti, iliruka kutoka Nm 540 hadi Nm 760. Kutoka kusimama hadi kilomita 200 kwa saa, 458 lilihitaji sekunde 10.4; 488 likatumia 8.3. Hata hewa ya ukaa ilishuka, kutoka gramu 307 kwa kilomita hadi 260.

Kwa namba hizo peke yake, kesi imekwisha. Injini mpya ni ndogo, ina nguvu zaidi, ina mbio zaidi na inachafua hewa kidogo. Mbona basi ubishi haujaisha hadi leo? Mbona 458, hasa toleo lake la mwisho la Speciale, bado linasakwa na watu wenye uwezo wa kununua 488 au lolote lililokuja baada yake?

Wabishi hao wanazijua namba vizuri sana. Wanachokitetea ni kitu ambacho karatasi ya takwimu haina nafasi ya kukiandika: namna nguvu inavyokuja. Injini mbili zinaweza kufika kwenye nguvufarasi ileile kwa njia tofauti kabisa, na mguu wa dereva ukatambua tofauti hiyo ndani ya nusu sekunde. Ili kuelewa kwa nini, lazima tuanze na hewa.

Mafuta si tatizo, hewa ndiyo tatizo

Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kumwaga mafuta zaidi ndani ya silinda ni kazi rahisi. Pampu kubwa na noseli kubwa zinatosha. Hewa haipatikani kirahisi hivyo. Nguvu ya injini yoyote ya petroli, iwe ya bodaboda au ya Ferrari, inaamuliwa na kiasi cha hewa inachoweza kuingiza kwa kila sekunde.

Hesabu yake si ngumu. Katika injini ya mapigo manne, kila silinda hujaza hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini. Lita 4.5 za ile 458, zikizunguka mara 9,000 kwa dakika, zinapitisha karibu lita 20,250 za hewa kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya lita 330 kila sekunde, zinazopita kwenye vali zinazofunguka na kufunga kwa muda mfupi usioonekana kwa macho.

Ukitaka hewa zaidi ya hapo una njia tatu tu. Uifanye injini kuwa kubwa, uizungushe kwa kasi zaidi, au uisukumie hewa kwa nguvu. Njia ya kwanza Wamarekani waliipenda kwa miongo mingi, na gharama yake ni uzito na nafasi. Ubishi wetu uko kwenye njia ya pili na ya tatu.

Injini inayojivutia hewa

Injini isiyo na tabo inategemea hewa iliyotuzunguka sote. Pistoni inaposhuka, nafasi inafunguka, na kani ya hewa ya nje inasukuma hewa iingie. Usawa wa bahari kani hiyo ni takriban bar moja, na hakuna fundi anayeweza kuiongeza. Anachoweza ni kuiongoza. Mabomba ya kuingizia hewa hukatwa kwa urefu uliopimwa, ili mawimbi ya kani yanayorudi nyuma vali inapofunga yafike tena mlangoni vali inayofuata inapokaribia kufunga, na kuisukumia silinda hewa ya ziada kidogo. Injini iliyopangwa vizuri hivi inaweza kujaza silinda kupita ujazo wake, lakini katika eneo fulani tu la mizunguko. Ndiyo sababu injini za aina hii huonekana zimepoa chini, kisha zikifika mizunguko fulani zinaamka kana kwamba zimekuwa injini nyingine.

Baada ya hapo inabaki kuzungusha, na hapa ndipo gharama inapoanza. Pistoni ya 458 inasafiri milimita 81 kwenda juu na milimita 81 kurudi chini. Kwa mizunguko 9,000, kasi yake ya wastani ni zaidi ya mita 24 kwa sekunde, na katika sekunde hiyohiyo inasimama na kugeuka mara 300. Kani inayotaka kuing'oa pistoni kutoka kwenye konrodi, mkono unaoiunganisha na krankishafti, haipandi sambamba na mizunguko; inapanda kwa mraba wake. Kutoka mizunguko 6,000 hadi 9,000 umeongeza mwendo mara moja na nusu, lakini vyuma vinabeba mzigo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo unakuta konrodi za titani, pistoni za kufuliwa badala ya kumiminwa, na mitambo ya vali inayorekebishwa kiwandani kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Injini ya aina hii ikiwa ghali, pesa imeingia humo.

Honda walionyesha mwaka 1999 kwamba jambo hili halihitaji injini kubwa. S2000 lilikuwa na silinda nne na lita 2.0 tu, likazunguka hadi 9,000 na kutoa nguvufarasi 250 kwa soko la Japani bila tabo, yaani 125 kwa kila lita. Chini ya mizunguko 6,000 lilikuwa gari la kawaida kabisa. Juu ya hapo vali zilihamia kwenye mapembe makali ya kamshafti, ule mhimili unaozifungua, na gari likabadilika tabia.

Kisha kuna Lexus LFA, lililoundwa magari 500 tu kati ya 2010 na 2012. V10 yake ya lita 4.8 ilipanda kutoka mzunguko wa kusimama hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, na wahandisi walisema mshale wa kawaida wa dashibodi ungeshindwa kuifuata, hivyo wakaweka kioo cha kidijitali. Namba hiyo ya sekunde 0.6 naipenda kuliko namba yoyote ya nguvufarasi. Inakuambia injini hiyo haina kitu chochote kizito cha kusubiri. Ukikanyaga inakwenda, ukiachia inashuka.

Porsche 911 GT3 la 2021 limelifikisha jambo hili mbali zaidi kwa gari linalouzwa kwa wateja wa kawaida. Silinda sita zake zina vali ya hewa kila moja, ile inayofunguka kwa kukanyaga mafuta, iliyowekwa karibu kabisa na mlango wa silinda. Hewa haina safari ndefu ya kusafiri kati ya amri ya mguu na mlipuko.

Injini inayosukumiwa hewa

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905. Alichokiona ni kwamba injini inatupa mali. Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka nje kupitia ekzosi ikiwa joto na mwendo wa moshi. Weka gurudumu lenye mapanga kwenye njia ya moshi huo, liunganishe kwa mhimili mfupi na gurudumu jingine lililo kwenye njia ya hewa safi, na moshi uliokuwa unakwenda bure sasa unasukuma hewa ndani ya injini. Jiko la mkaa lililoachwa liwake lenyewe na lile linalopepewa yana mkaa uleule. Hewa ndiyo inayotofautiana. Hapa anayepepea ni moshi wenyewe.

Gurudumu hilo si kubwa, lakini linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Linaweza kuongeza kani ya hewa mara mbili ya ile ya nje, maana yake ni kwamba injini ya lita 3.9 inakula hewa ya injini inayokaribia lita nane. Nguvu za 488 zinatoka hapo, hakuna miujiza.

Deni lake ni joto. Hewa ukiibana inapata moto. Ukiichukua hewa ya nyuzi 25 na kuibana mara mbili kwa tabo halisi, inatoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea. Kibaya zaidi, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa na moto huweza kulipuka wenyewe kabla plagi haijamaliza kazi, na hapo injini inagonga. Kugonga kukiendelea, pistoni inatoboka. Ndipo unapoona intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, na ndipo unapoona uwiano wa mbano, yaani mara ngapi pistoni inabana mchanganyiko huo, ukishushwa. Ile 458 ilibana mchanganyiko wake mara 12.5, 488 inabana mara 9.4 tu, kwa sababu tabo imeshabana kabla. Upande wa moshi nao joto linakaribia nyuzi 1,000, na mhimili wa tabo unaelea juu ya oili nyembamba katikati ya tanuru hilo. Ndiyo maana mafundi wetu hawachoki kukuambia usizime gari la tabo mara tu unapotoka kwenye mwendo mkali: oili iliyosimama kwenye chuma chenye moto inaungua na kuacha masizi magumu kwenye beringi.

Mfano safi kuliko wote wa kuzilinganisha njia hizi mbili hautoki Italia bali Marekani, kwa kuwa Chevrolet waliichukua injini moja wakaifanya mara mbili. Corvette Z06 la sasa lina V8 ya lita 5.5 bila tabo: nguvufarasi 670 kwenye mizunguko 8,400, mbano wa 12.5, na toki ya Nm 623. Mwaka 2024 wakatangaza ZR1 lenye ukoo uleule wa injini, lita zilezile 5.5, lakini wakaongeza tabo mbili na kushusha mbano hadi 9.8. Nguvufarasi zikafika 1,064, kwenye mizunguko 7,000, na toki ikapita Nm 1,100. Tazama mahali kilele kilipohamia. Injini ya kwanza inakutaka upande hadi juu kabisa kuzipata farasi zake 670. Ya pili inakupa karibu 400 zaidi, na inakupa mapema zaidi.

Muda kati ya mguu na nguvu

Hata hivyo kuna kitu tabo haiwezi kukikwepa kwa maumbile yake. Ili isukume hewa lazima izunguke; ili izunguke lazima kuwe na moshi mwingi; ili moshi uwe mwingi lazima injini iwe imeshapata hewa. Ni mduara. Ukikanyaga mafuta gari likiwa kwenye mizunguko ya chini, mduara huo unachukua muda kujijenga, na wakati huo unaendesha injini ndogo yenye mbano mdogo, dhaifu kuliko ile isiyo na tabo. Kisha mduara unakamilika na nguvu yote inafika pamoja.

Porsche 911 Turbo la mwaka 1975 lilikuwa shule kali ya jambo hili. Lita 3.0, tabo moja kubwa, nguvufarasi 260, na injini imewekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Dereva aliingia kwenye kona, akakanyaga mafuta, hakuona kitu, akakanyaga zaidi, na nguvu ikafika akiwa katikati ya kona huku usukani umekatwa. Ukishtuka na kuachia mafuta, uzito unahamia mbele na nyuma ya gari inateleza. Ukiendelea kukanyaga, magurudumu ya nyuma yanashindwa kushika lami. Wengi waliliharibu gari hilo, na si wote walikuwa madereva wabaya.

Tangu wakati huo wahandisi wamepunguza muda huo kipande kwa kipande. Badala ya tabo moja kubwa, mbili ndogo zenye magurudumu mepesi. Mwaka 2006 Porsche wakaleta kwenye 911 Turbo mapanga yanayobadili pembe zake, ili moshi kidogo upite kwenye nafasi nyembamba na kuligonga gurudumu kwa nguvu, kisha njia ifunguke moshi unapoongezeka. Ferrari kwenye 296 GTB la 2021 wakaziweka tabo katikati ya V ya silinda, si pembeni, ili moshi usisafiri mbali ukapoteza joto.

Lakini jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote hayo lilifanyika kwenye ile 488, na halikuwa la chuma bali la programu. Ferrari walikuwa na injini inayoweza kutoa Nm 760 tangu mizunguko 3,000. Wangeweza kumpa dereva toki hiyo yote kwenye kila gia na kujisifu. Hawakufanya hivyo. Waliibana injini yao wenyewe kwenye gia za chini, ili toki ipande polepole kadiri mizunguko inavyopanda, na ile Nm 760 kamili ikaachwa ipatikane gia ya saba pekee. Kwa nini mtu alipie tabo mbili kisha azifunge mkono? Kwa sababu toki inayomwagika yote chini kisha inakaa palepale hadi mwisho inamfanya dereva asiwe na sababu ya kupanda juu. Gari linakuwa na nguvu nyingi na hamu ndogo. Ferrari walitaka injini ya tabo ijitokeze kama ile iliyoondoka, iwe na mteremko wa kuupanda na kilele cha kukitamani.

Huu ndio moyo wa jambo lote kwa maoni yangu. Tabo ilishinda kwa namba tangu zamani. Miaka yote tangu hapo, wahandisi wake bora wamekuwa wakiifundisha tabia za injini iliyoshindwa: kujibu upesi, kupanda kwa mpangilio, kuzunguka juu, kutoa sauti.

Sauti ndiyo somo lililobaki gumu. Kinachosikika kwenye ekzosi ni mapigo ya moshi kutoka kila silinda. Gurudumu la tabo linakaa katikati ya njia hiyo na kula nguvu ya mapigo hayo. Ndiyo kazi yake. Mlio mkali wa juu unabaki mnene na wa chini. Vichujio vya chembechembe ambavyo sheria za Ulaya zimelazimisha kwenye magari ya petroli vimepunguza tena. Sioni aibu kusema kwamba sauti ni sehemu ya gari la kasi sawasawa na breki zake, kwa sababu dereva anayeisikia injini vizuri hahitaji kutazama dashibodi ili ajue abadili gia lini.

Je, tabia hii nzuri ina faida inayopimika? Kidogo. Kwenye kiwanja cha Ferrari cha Fiorano, 458 Italia lilizunguka kwa dakika 1 na sekunde 25.0, na 488 GTB kwa 1:23.0. Lakini 458 Speciale, bila tabo na likiwa na nguvufarasi 605, lilitumia 1:23.5. Pungufu ya nguvufarasi 65 na Nm 220, likaachwa nyuma kwa nusu sekunde tu. Lazima tuseme haki: Speciale lilipunguzwa uzito na lilivaa matairi makali zaidi. Bado inaonyesha kwamba kwenye kona, ambako kinachokuzuia ni mshiko wa tairi, nguvu unayoweza kuipima kwa unyayo ina thamani kuliko nguvu unayoisubiri.

Formula One iligeuka mara mbili

Kanuni za Formula One za miaka ya 1970 ziliruhusu lita 3.0 bila tabo, au lita 1.5 ikiwa na tabo. Kwa muda mrefu hakuna aliyeijali ile ya pili, hadi Renault walipoingia nayo Silverstone, Uingereza, mwaka 1977. Gari lao la njano liliharibika na kutoa moshi mara nyingi hata Waingereza wakalibandika jina la birika la njano. Mwaka 1979, Dijon, Ufaransa, Jean-Pierre Jabouille akashinda kwa Renault ya tabo, na kicheko kikaisha. Mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia wa kwanza kwa injini ya tabo, Brabham yenye BMW ya silinda nne na lita 1.5. Injini ya aina hiyo, ilipofunguliwa tabo kwa ajili ya raundi chache za kufuzu, ilipita nguvufarasi 1,000.

Nguvu hiyo iliwatisha wasimamizi, nao wakapiga tabo marufuku kuanzia 1989, baada ya msimu wa 1988 ambao McLaren-Honda za tabo zilishinda mashindano 15 kati ya 16. Ikafuata enzi ya injini zinazojivutia hewa, ambazo katikati ya miaka ya 2000 zilifika mizunguko 20,000 kwa dakika. Kisha mwaka 2014 tabo ikarudi, safari hii V6 ya lita 1.6 pamoja na mota za umeme, kwa hoja ya kutumia mafuta vizuri.

Sheria ndiyo iliyoamua

Wengi hudhani tabo iliingia kwenye magari ya kasi kwa sababu ya mbio. Mbio zilikuwa zawadi ya ziada. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha wastani cha gramu 130 za hewa ya ukaa kwa kilomita kwa magari mapya, kianze kutimizwa kikamilifu 2015. Kampuni ndogo zilipewa nafuu, lakini mwelekeo ulikuwa wazi kwa wote. Kwenye kipimo cha maabara gari linakwenda polepole, na injini ndogo inayokwenda polepole inapoteza nishati kidogo. Tabo hukupa injini ndogo wakati wa kupimwa na injini kubwa wakati wa kukanyaga.

Hapo pia kuna jambo ambalo mnunuzi haambiwi mara nyingi. Injini ya tabo inapobanwa hadi mwisho, kompyuta mara nyingi huongeza mafuta kupita yanayohitajika kuungua, ili mafuta hayo ya ziada yapoze moshi usiyeyushe mapanga ya tabo. Akiba ya maabara inakuwepo unapoendesha kwa utulivu. Ukiendesha gari la kasi kwa kasi, sehemu kubwa ya akiba hiyo inakwenda.

Kodi nayo imeunda injini. Gari la kwanza la barabarani la Ferrari lenye tabo, 208 GTB Turbo la 1982, lilizaliwa kwa sababu Italia ilitoza kodi nzito kwa injini zinazozidi lita 2.0. Waagizaji wa magari Dar es Salaam na Mombasa wanaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa, maana ushuru wa bidhaa huku kwetu pia unaangalia cc.

Ukiwa juu ya mwinuko

Kuna sababu moja ya kuipenda tabo ambayo magazeti ya Ulaya huitaja kwa nadra, na msomaji wa Nairobi, Mbeya au Kigali anaishi nayo kila siku. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Mombasa, na injini inayojivutia hewa inapoteza nguvu kwa kiwango hichohicho. 911 GT3 lenye nguvufarasi 510 likifika Nairobi linabaki na karibu 430. Hakuna kilichoharibika, hewa haipo.

Tabo haina unyonge huo. Kompyuta inaiacha izunguke kwa kasi zaidi hadi kani ndani ya bomba ifike palepale ilipokuwa pwani, ilimradi gurudumu halijafika ukomo wake wa mizunguko. Mashindano ya Safari Rally, yanayopanda na kushuka nyanda za juu za Kenya, yaliliona jambo hili mapema: Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Na ule ubishi wa vijana wa Nairobi kati ya Subaru za tabo na Mark X yenye V6 isiyo na tabo una fizikia ndani yake. Mark X iliyopimwa Japani karibu na bahari si ileile inapopanda Limuru.

Umeme umeingia katikati

Kinachoendelea sasa kinaufuta mpaka wa zamani. Porsche 911 Carrera GTS la 2024 lina mota ndogo ya umeme kwenye mhimili wa tabo yenyewe. Moshi ukiwa bado haujatosha, mota inaizungusha tabo. Moshi ukizidi, mota inageuka jenereta na kuchaji betri. Lamborghini nao wameiacha V10 ya gari lao la Huracán na kuleta Temerario, lenye V8 ya lita 4.0, tabo mbili, mota tatu za umeme za kujaza pengo la chini, na mizunguko inayofika 10,000. Injini ya tabo inayozunguka 10,000! Miaka kumi iliyopita ningesema hilo haliwezekani kwa gari la barabarani.

Upande wa pili haujanyamaza. Ferrari 12Cilindri la 2024 lina V12 ya lita 6.5 inayotoa nguvufarasi 830 kwa mizunguko hadi 9,500, bila tabo na bila mota ya umeme. Lamborghini Revuelto limebaki na V12 inayojivutia hewa, likasaidiwa na umeme. Gordon Murray, mbunifu wa magari aliyekataa tabo kwenye McLaren F1 miaka ya 1990, ameunda T.50 lenye V12 ya lita 3.9 iliyotengenezwa na kampuni ya injini ya Cosworth, inayofika mizunguko 12,100. Haya ni magari ya watu wachache sana, na injini hizi zitazidi kuwa hivyo. GT3 ndilo linalobaki karibu zaidi na mtu anayeendesha gari lake kila wikendi, na ningeulizwa nichague moja kwa barabara za pwani, ningelichukua hilo bila kusita. Kwa Nairobi ningefikiri mara mbili na pengine ningechukua 911 Turbo S la 2020, lenye nguvufarasi 650 na Nm 800.

Ukipata nafasi ya kuyajaribu yote mawili, usianze kwa kukanyaga mafuta hadi sakafuni. Hapo kila gari lenye nguvu litakushangaza. Tafuta kona ndefu iliyo wazi, shika gia ya tatu kwenye mizunguko 3,000, kisha ongeza mafuta kidogo, acha kidogo, ongeza tena, na uangalie kama mwendo wa gari unafuata unyayo wako palepale au unakuja nyuma yake. Rudia kwenye mizunguko 6,000. Baada ya hapo panda gia moja moja hadi mwisho wa mshale, ukisikiliza kama nguvu bado inaongezeka au ilishafika zamani na sasa ni kelele tu zinazopanda.